Matonge Matatu ya Mama Gloire

Kwenye malewa ya Mama Gloire, kile kibanda cha chakula kilicho karibu na lango la kambi ya Kamina, askari hakugusa sahani kabla mwenye sufuria hajala. Ilikuwa hivyo kwa miaka kumi na miwili. Saa sita na nusu mchana Émerence, ndiye Mama Gloire mwenyewe, alitoka jikoni na sahani yake, akaketi kwenye benchi mbele ya kila mtu, akanawa mikono, akakata bukari, ugali wa kwao, akaichovya kwenye sombe ya majani ya muhogo, akala taratibu mpaka sahani ikabaki tupu. Kisha akajifuta mdomo na kusema, "Sufuria imefunguka." Hapo ndipo sahani za wengine zilipoanza kutoka.

Usiwacheke. Askari wa kambi ile wanatoka kila pembe ya Kongo, na mtu aliye mbali na mama yake hawezi kumeza chakula cha mgeni bila kumtazama kwanza mgeni mwenyewe akimeza. Wenye malewa wote wa barabara ile walifungua sufuria zao vivyo hivyo. Tofauti ni kwamba wengine walionja, na Émerence alikula. Ajidanti Bokungu, askari kutoka jimbo la Equateur aliyekuwa mteja wake wa kwanza na mkongwe, alipenda kusema kwamba mama yule akila, hata aliyeshiba anatamani kuanza upya. Unene wa Émerence ndio uliokuwa kibao cha biashara, na hakuna mchoraji aliyelipwa.

Mumewe, Mwalimu Lazare Kitenge, alifundisha darasa la tano kwenye shule ya misheni. Akitoka shuleni alipitia malewa, akaketi kwenye kona, na kumtazama mkewe akifungua sufuria kwa fahari ambayo hakuificha. Mshahara wa mwalimu kila mtu anaujua. Sufuria ile ndiyo iliyomsomesha Gloire, binti yao wa pekee, mpaka chuo cha Lubumbashi, na ndiyo iliyoezeka nyumba yao mabati. Ila unene uliowalisha sasa ulianza kumla mwenyewe. Sukari ilipanda, magoti yakakataa, akalala ameketi maana akijilaza pumzi ilikata. Siku alipopimwa, mizani ilisoma kilo mia moja arobaini na mbili.

Kaka yake Émerence, Kayembe, anayefanya kazi mgodini Kolwezi, ndiye aliyetafuta njia. Kulikuwa na madaktari waliofika Lubumbashi kwa muda, wenye kupasua watu wa namna yake na kuwapunguza tumbo. Akaandikisha jina la dada yake, akagharamia, akamwambia Lazare neno moja tu kwenye simu: "Shemeji, minyi nitafanya ya hospitali. Ya nyumbani njo yako."

* * *

Madame Gracia, mtaalamu wa chakula wa kule Lubumbashi, hakumruhusu mtu kwenda mezani kwa daktari bila kwanza kujifunza kula. Wiki mbili kabla ya kupasuliwa, Émerence alitakiwa kuacha bukari, bia, chai ya sukari na mafuta ya ngazi, yaani mawese, ili ini lipungue na daktari apate nafasi ya kufanya kazi. Samaki, mayai, mchicha wa lenga-lenga, maji mengi. Kutafuna polepole. Kutokunywa wakati wa kula. Kuacha kula kabla tumbo halijasema limejaa, maana tumbo, alisema Madame Gracia, huchelewa kusema ukweli.

Baada ya kupasuliwa mambo yalikuwa makali zaidi. Wiki mbili za vitu vya maji tu, kijiko kwa kijiko. Halafu mwezi na zaidi wa vitu vya kupondwa: yai, samaki aliyetolewa miiba, maharagwe yaliyomenywa maganda. Vitamini kila siku, na hizo ni za maisha yote. Yote yaliandikwa kwa Kifaransa kwenye karatasi, na Lazare, kama mwalimu, aliyageuza kwa Kiswahili, akayanakili kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni, akayabandika kwenye ukuta wa jikoni. Mahali penye hatari alipiga mstari kwa kalamu nyekundu. Mstari mnene kuliko yote ulikuwa chini ya maneno haya: Bukari hapana, mpaka tuulize.

Nalitaja hili kwa sababu baadaye hakuna aliyeweza kusema kwamba mwalimu hakulielewa somo.

Siku ya kuacha bukari, Marceline, mdogo wake Émerence, alikuja kumtania. Alimpikia bukari ya mwisho, akaiweka mezani na kuiaga kwa machozi ya uongo kama mtu anayesindikiza maiti, mpaka Émerence akacheka na kukohoa na kushika kifua. Kesho yake aliamkia yai moja na lenga-lenga, na hakurudi nyuma. Lazare alishangaa. Alimjua mkewe miaka ishirini na minne, na hakujua kwamba ana ugumu wa namna ile.

Ni Lazare pia aliyeomba kwamba watu wasiambiwe. Aliona aibu, na aibu yake ilikuwa ya kijinga, lakini ilikuwa aibu. Walimu wenzake wangesema nini? Kwamba wakati wengine wanatafuta cha kuweka tumboni, mke wa Kitenge anakatwa tumbo ili lisibebe. Basi ikasemwa kwamba Mama Gloire anaenda kupasuliwa ngiri. Émerence hakupenda, ila alikubali. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Methali hii Lazare alikuwa ameifundisha darasani mara nyingi, pamoja na mifano.

* * *

Émerence alirudi wiki ya tatu baada ya kupasuliwa, amepungua tayari, akitembea kama mtu aliyeshushwa mzigo. Lazare alikuwa na wiki mbili tamu kuliko alivyotazamia. Mkewe alikula yai moja kwa nusu saa, kwa kijiko cha chai, akitafuna kwa uangalifu mkubwa, na yeye alishamaliza bukari yake na kusahihisha madaftari kumi kabla sahani ndogo ile haijaisha. Alimtania kwamba amemwoa ndege. Jumapili walitembea hadi kanisani bila kupumzika njiani hata mara moja. Sukari ilishuka. Alilala chali, kama watu. Siku moja alimwambia Lazare kwamba anahisi amerudishiwa miaka kumi, na Lazare akageuza uso kwa sababu machozi yalimjia.

Lakini malewa yalikuwa yanakufa. Marceline alipika, na chakula chake hakikuwa na kasoro. Alifungua sufuria kila mchana kama alivyofundishwa. Askari walimtazama akila, wakauliza, "Na mwenye sufuria iko wapi?" Marceline akajibu kwamba anapona. Wakala siku mbili tatu, kisha wakaanza kuvuka barabara kwenda kwa Mama Tshiala, mwenye malewa ya ng'ambo, ambaye alikuwa mnene, mcheshi, na aliyeanza kula mbele za watu kwa fujo mpya tangu alipoona nafasi.

Wiki ya tano Émerence alirudi kibandani. Alipika mwenyewe, akatoka, akaketi kwenye benchi bila sahani. Bokungu, ambaye hakuwa mtu mbaya hata kidogo, alisimama mbele yake akiwa na kofia mkononi.

"Mama, minyi niko muntu ya mbali," akasema. "Weye ukikula, minyi nakula. Leo haukule. Ngiri bantu wanapasuliwa, wanarudi, wanakula. Kuna nini ndani ya chakula?"

"Hakuna kintu, mwana wangu. Tumbo haiyapona bado."

"Basi tutangoja ipone," akasema Bokungu, akamwinamia kidogo kwa heshima, akavuka barabara. Wengine wakamfuata mmoja mmoja, bila kelele, na hilo liliuma kuliko matusi. Sombe ya siku ile waligawia majirani. Na majirani nao, waliposikia askari wameikataa, Lazare aliwaona wakiimwaga.

Baada ya hapo maneno yalianza kutembea. Kwamba Mama Gloire ana ugonjwa ule usiotajwa. Kwamba amekwenda kwa mganga, akatoa unene wake ili apate mali. Shuleni mwalimu mmoja alimuuliza Lazare, mbele ya wenzake, kama kweli nyumbani kwake watu hawali chakula wanachouza. Wangesema ukweli siku ile, pengine wangechekwa mwezi mmoja na kisha watu wangechoka. Lakini ukweli ulikuwa umeshafungiwa ndani na mwalimu mwenyewe.

* * *

Lazare alimwambia mkewe jioni moja, wakiwa wameketi uani, Émerence akiponda samaki wake kwa uma.

"Mama Gloire. Matonge matatu tu. Mbele yao, kisha basi."

Émerence hakuinua macho. "Karatasi inasema hapana, mpaka tuulize."

"Madame Gracia iko Lubumbashi. Yeye hana malewa. Ukimuuliza atasema hapana, njo kazi yake."

"Na tumbo?"

"Matonge matatu ni nini? Mutoto wa miaka mbili anamaliza matano."

Hapo alimtazama. Lazare aliyakumbuka macho yale baadaye kwa muda mrefu. Hayakuwa ya hasira. Yalikuwa ya mtu anayeuliza kama amesikia vizuri.

"Weye njo unasema, Baba Gloire?"

"Minyi njo nasema."

"Sawa," akasema Émerence, na akaendelea kuponda samaki.

Kesho yake askari wachache walikuwepo, na habari ilipelekwa ng'ambo kwamba mama atafungua sufuria. Bokungu alikuja. Émerence aliketi na sahani, akakata tonge la kwanza, dogo, akalitafuna sana. La pili. Watu walimtazama mdomoni. Alipofika la tatu jasho lilikuwa limemtoka usoni na mate yalimjaa kinywani, lakini alilimeza, akajifuta na kusema sufuria imefunguka. Marceline akaanza kugawa. Émerence akainuka bila haraka, akapita jikoni, akatokea nyuma kwenye ua wa matete, akatapika huku ameshika mti kwa mikono miwili.

Lazare alikuwa pale. Alisimama na kidumu cha maji, mgongo wake ukiziba mwanya wa ua ili mtu wa mbele asione. Alimpa maji asukutue. Mbele, benchi lilijaa.

Hivyo ndivyo kazi ilivyogawanywa, na ikawa ya kila siku. Mmoja anakula, mmoja anaziba mwanya. Baada ya wiki moja hawakuhitaji hata kusemezana. Jambo baya likifanywa kila siku saa ileile huanza kufanana na kazi, na kazi mtu haulizwi kwa nini anaifanya. Askari walirudi wote. Mama Tshiala alinuna. Lazare alirudi kukaa kwenye kona yake na kupokea salamu, na nitasema ukweli, alifurahi.

Kilichokuwa kinaharibika hakikuonekana kutoka kwenye kona ile. Tumbo lililochokozwa mchana lilikataa na vya jioni. Yai lilirudi. Maharagwe yalirudi. Vidonge vya vitamini vilirudi vikiwa vizima, na baadaye Émerence aliacha kuvimeza, akisema ni kupoteza. Madame Gracia alipiga simu kila Jumatatu kama alivyoahidi. Simu ilikuwa ya Lazare. Anakula vizuri? Vizuri, Madame. Anatapika? Hapana, Madame. Anapungua? Sana, Madame. Na Madame akafurahi kule alikokuwa.

* * *

Wiki ya nne ya matonge matatu, Émerence alisema mchwa wanatembea miguuni mwake. Wiki ya tano sombe ilitiwa chumvi mara mbili, jambo ambalo halikuwahi kutokea, na Marceline akaimwaga sufuria nzima kimyakimya. Siku mbili baadaye, Lazare alipoingia jikoni, mkewe alimkazia macho kwa namna ya ajabu, jicho moja likichelewa kidogo nyuma ya lingine, akatabasamu.

"Leo minaona mabwana mbili," akasema. "Na bote banapenda kula."

Lazare alicheka. Alimwambia achague yule mwenye mshahara. Tangu siku ile hajawahi kukisikia kicheko chake mwenyewe bila kukichukia.

Alhamisi, alipokuwa akitoka na sahani kufungua sufuria, miguu ya Émerence ilikunjika na akaenda chini. Hakujikwaa. Miguu iliacha tu kazi. Bokungu na askari mwenzake walimbeba kwenye mkeka hadi kwenye gari la kambi, wakampeleka hospitali ndogo ya mtaani, na Lazare na Marceline wakapanda naye.

Daktari aliitwa Mukalay, kijana, mwenye macho ya mtu aliyelala kwa saa tatu tu. Aliona mwanamke aliyekauka midomo, asiye na nguvu ya kuketi. Aliambiwa kuhusu kupasuliwa, maana sasa haikuwezekana kuficha, na Bokungu aliposikia kwamba ni tumbo lililokatwa wala si ngiri, alitazama chini na kukunja kofia yake. Daktari akauliza swali moja, polepole, akiwatazama wote.

"Anatapika tangu siku ngapi?"

Lazare alifungua mdomo. Hili alilirudia kwa padri baadaye, kwamba alifungua mdomo. Lakini Marceline alikuwa pale, na Bokungu alikuwa pale, na jibu la kweli lilikuwa wiki tano, kila mchana, na minyi njo nilisimama kwa mwanya. Akatafuta namna ya kulisema lisilo na yeye ndani. Alipokuwa anatafuta, mkewe alisema kutoka kitandani:

"Juzi na jana, Docteur. Minyi mwenyewe nilikula bukari. Roho iliitamani."

Alimfunika. Hata katika hali ile alijua mumewe anatafuta pa kujificha, akampa. Daktari alimgeukia Lazare. "Ni vile, Mwalimu? Siku mbili?"

"Ni vile," akasema Lazare.

Basi daktari alifanya ambalo daktari yeyote angefanya kwa mtu aliyetapika siku mbili na hajala. Alitundika chupa ya maji ya sukari, na sukari ikaanza kushuka tone kwa tone kwenye mkono wa Émerence.

* * *

Asubuhi hakujua yuko wapi. Macho yalicheza huku na huku bila kutulia. Alimwita Marceline kwa jina la mama yao aliyekufa, akamuuliza kama samaki wa Kabondo-Dianda wameshafika, maana watu wanangoja. Lazare alipomshika mkono alimtazama kwa adabu, kama anavyotazamwa mwalimu wa mtoto wa jirani.

Lazare alitoka uani, akampigia mwenyewe Madame Gracia. Haikuwa Jumatatu. Akamwambia yote, kwa sauti, amesimama katikati ya wauguza wagonjwa waliokuwa wanafua na kupika, na wote wakamsikia: matonge, mwanya, vidonge, wiki tano, Jumatatu zote alizomdanganya.

"Mpe simu daktari," akasema Madame Gracia. "Sasa hivi. Kimbia, Baba."

Daktari alisikiliza, na uso wake ukabadilika. Alirudi ndani akiharakisha, akafunga ile chupa kwa mkono wake. Baadaye alimweleza Lazare kwa maneno mepesi, kama mtu anayemfundisha mwalimu. Kwamba kuna vitamini moja ambayo bila hiyo mwili hauwezi kuitumia sukari. Kwamba mtu anayetapika wiki nyingi huwa nayo kidogo sana, akiba ya mwisho, na hiyo inashikilia miguu, macho na akili. Kwamba ukimpa sukari nyingi kabla ya vitamini, ile akiba kidogo inateketea. Vitamini ilipaswa kutangulia. Ni sindano tu. Ilikuwepo dukani, wauguzi waliipata kwenye duka la tatu la dawa.

"Mwalimu," akasema Daktari Mukalay, bila kupandisha sauti. "Jana nilikuuliza."

Majuto ni mjukuu, wanasema, lakini mjukuu huja wazee wakiwa na muda wa kumngoja. Haya yalikuja siku moja tu baadaye, na siku hiyo moja ndiyo iliyokuwa na thamani yote.

* * *

Émerence hakufa. Siku ya tatu macho yalitulia. Wiki ya pili alikaa, na baada ya mwezi aliweza kwenda kutoka kitandani hadi mlangoni akishika ukuta. Alimjua Lazare, alimjua Gloire alipokuja kutoka chuoni, alikumbuka ndoa yao, bei ya samaki ya miaka kumi iliyopita, na nani alikosa kulipa. Lakini mambo mapya hayakukaa. Ulimwambia neno, akalielewa, akalijibu vizuri, na baada ya muda mfupi halipo. Na miezi ile tangu alipotoka Lubumbashi ilikuwa imefutika yote. Daktari alisema mengine huenda yakarudi. Hakusema lini.

Marceline alichukua malewa, akayahamishia sokoni, ambako watu hawana desturi ile. Na Lazare akawa mpishi. Asubuhi yai moja, limepondwa. Saa nne maziwa. Mchana samaki asiye na mwiba na lenga-lenga iliyosagwa, vijiko sita. Maji nusu saa baada ya chakula, kamwe si pamoja nacho. Vidonge mkononi mwake, na anangoja mpaka vimemezwa. Hakuruka hata mstari mmoja wa karatasi. Madame Gracia alipopiga simu aliambiwa ukweli wote, hata wa kijiko kimoja kilichobaki. Mwanamke hajawahi kulishwa vizuri namna ile katika mji ule, na ingetosha kufanywa hivyo kabla ya tonge la kwanza.

Lazare alimwambia mkewe. Alikuwa ameungama kwa padri, na padri alimwambia kwamba Mungu amesikia, ila kuna mtu mwingine wa kumwomba. Basi mchana mmoja alipiga magoti kando ya kiti chake, akamweleza tangu tonge la kwanza. Émerence alisikiliza. Aliuliza, "Na minyi nilikuambia karatasi inakataza?" Lazare akasema ndiyo, alimwambia. Émerence akalia. Alilia sana, kwa uchungu wa mtu anayelisikia jambo mara ya kwanza, akageuzia uso ukutani, miguu yake isiyofaa ikibaki ilipo, na hakutaka kuguswa. Lazare alikaa sakafuni mpaka jua likashuka. Lilikuwa jambo la haki, na alilipokea.

Asubuhi Émerence alimuuliza mumewe mbona macho yamemvimba, kama amelala vibaya. Akampapasa kichwa. Hapo Lazare alitambua kwamba anaweza kumwambia mara mia na kumliza mara mia, na msamaha hautakaa hata siku moja. Hakumwambia tena.

* * *

Mwezi wa sita tangu Émerence apasuliwe, Kayembe alikuja kutoka Kolwezi. Alikuja na uso wa kaka aliyelipa hospitali na kukuta dada yake anashika ukuta. Alikunywa maji aliyopewa, akaweka kikombe chini, akamuuliza Émerence mbele ya mumewe, bila kuzunguka, kufuatana na maneno aliyoyasikia, nani alimlazimisha kula.

"Nani anikaze?" akasema Émerence, akishangaa. "Baba Gloire? Kaka, hapana. Huyu alibandika karatasi kwa ukuta, na nyekundu. Anapika yeye mwenyewe. Anangoja minyi nimeze dawa. Hakunikaza kula hata siku moja. Uangalie chakula yenye ananipikia."

Kayembe aliangalia. Aliona kisahani, kijiko cha chai, samaki aliyechambuliwa mpaka mwiba wa mwisho. Hasira aliyokuwa ameibeba njia nzima ikakosa pa kuiweka.

Lazare alimsindikiza hadi barabara kuu. Ni mwendo wa nusu saa, na mtu anaweza kusema mengi kwa nusu saa. Alipanga aanzie kwenye shule. Wakapita shule. Akapanga aanzie kwenye kisima, wakapita kisima, Kayembe akizungumzia mvua na mgodi. Barabarani Kayembe alisimama, akamgeukia.

"Shemeji, nilikuja na vita," akasema. "Unisamehe. Mungu alimupa dada yangu bwana. Asante sana."

Akamnyooshea mkono, na mwingine juu yake, mikono miwili, kama anavyoshikwa mtu anayeheshimiwa. Lazare alifungua mdomo. Kisha akaupokea ule mkono.

Alirudi peke yake. Émerence alikuwa bado kwenye kiti, akimalizia kijiko chake cha mwisho, akitafuna polepole kama ilivyoandikwa. Akamuuliza ametoka wapi.

"Nilimusindikiza kaka yako."

"Kayembe alikuja?" Akafurahi kama msichana. "Alisema nini?"

"Alisema asante."

"Asante juu ya nini?" akauliza Émerence, akiweka kijiko chini, akimtazama kwa macho yake yaliyotulia, tayari kusikia.

Mwalimu Lazare Kitenge alikuwa amefundisha miaka ishirini na sita, na hakuwahi kumwacha mtoto wa mtu akangoja jibu. Alichukua kisahani, akaenda nacho uani kukiosha, na akakiosha kwa muda mrefu, mpaka alipojua kwamba swali lenyewe limeshasahauliwa.